Mzee Asiyevuta Mkono

Osaka, 17 Novemba 1996

Kwa Dada Fusae,

Hujambo huko baridini? Redio ilisema Jumatano kwamba Akita imeshapata theluji, nami nikakuwaza unavyoteremka zile ngazi za nyuma na goti lako. Shemeji Morio amepona kikohozi? Mwambie figili zilizokaushwa kwa moshi alizonitumia zilifika salama, na wenzangu kazini walizimaliza mbele ya macho yangu, nikabaki na vipande viwili. Mimi mzima. Nakula, nalala, nakwenda kazini. Mvua za huku zimekatika na watu wameanza tena kuanika magodoro yao vibarazani.

Barua yako ya mwisho wa Septemba niliipata. Unisamehe kwa kukaa nayo muda wote huu. Uliniuliza mambo mawili tu: kama nililia kwenye mazishi ya Baba, na ni kitu gani hasa ninachochora, maana miaka sita sasa nakuambia "nachora" na sisemi nini. La kwanza linajibika kwa neno moja. Sikulia. La pili ni refu, nawe utanivumilia.

Kampuni yetu ni ndogo, watu kumi na tisa, ghorofa ya pili juu ya duka la vifungo. Tunatengeneza michezo ya mashine, ile ambayo watu hutumbukiza sarafu na kupigana kwenye skrini. Wewe unamwongoza mpiganaji mmoja kwa kijiti na vitufe, mwenzako anamwongoza mwingine, na anayemwangusha mwenziwe mara mbili ndiye mshindi. Mimi nachora miili yao. Kila hatua, kila teke, kila kuanguka ni picha, na picha zikipita haraka mtu anaonekana hai. Sikukuambia kwa sababu niliona haya. Nilijua ungefikiri kwamba nimekimbia nyumba ile ili nije kuchora watu wakipigana.

Mwishoni mwa mwaka jana tulikuwa na mchezo wenye wapiganaji kumi na wawili. Mmoja, msichana wa miavuli, akaondolewa kwa sababu alifanana mno na wa kampuni nyingine, na zilikuwa zimebaki wiki sita za kukabidhi michoro. Wakui, ambaye ni kiongozi wetu na ndiye anayeiandikia kompyuta amri zake, alikuja mezani kwangu akasema, "Bi Sumie, tupatie mzee. Mzee yeyote. Hakuna atakayemchagua, ni wa kujaza nafasi tu."

Sikufikiri, Dada. Mkono ulianza wenyewe. Nilichora fundi wa mikeka ya tatami aliyevaa koti la kazi la buluu, sindano ndefu imechomekwa kwenye ukosi, amesimama akiwa amempa mpinzani nusu ya mgongo. Nikampa kiwiko cha mtu aliyebana uzi kwa kiwiko hicho miaka arobaini, ngozi imekuwa kama kwato. Sikumpa jina la Baba. Nilimwita Genpachi. Hakunji ngumi. Hapigi kelele. Wenzake wakishinda huruka, hucheka, hunyoosha vidole mbinguni. Yeye akishinda hukaa chini, huchomoa sindano, huendelea na mshono pale alipouachia.

Halafu kuna pigo lake. Katika michezo hii kila pigo lina sehemu tatu: mkono unavutwa nyuma, mkono unafika, mkono unarudi. Ile ya kwanza ni haki ya anayepigwa. Hapo ndipo anapoona, ndipo anapopata nafasi ya kukinga. Genpachi nilimchora hivi: picha ya kwanza mkono umetulia pajani, picha ya pili mgongo wa kiganja uko usoni mwa mtu. Na macho yake mwenyewe yanatazama pengine, kama mtu anayesikiliza chai ikichemka chumba cha pili.

Wakui alizipanga picha mezani, akazipanga tena.

"Picha za kuvuta mkono ziko wapi?"

"Havuti."

"Kila mtu huvuta mkono, Bi Sumie. Hata mbu huvuta."

"Huyu havuti."

Kwa kuwa muda ulikuwa umekwisha, alimwacha apite vile vile.

Mchezo ulitoka Julai. Nilikuwa nakwenda saa za chakula cha mchana kwenye ukumbi mmoja wa mashine, Kyobashi, karibu na reli. Pale kuna daftari juu ya meza, kalamu imefungwa kwa uzi, na wachezaji huandika wanachotaka, siku hadi siku, bila majina. Wiki ya kwanza hakuna aliyemtaja Genpachi. Wiki ya tatu daftari zima lilikuwa lake. Walikuwa wameshampa jina la Mzee Kiwiko. Nilinakili baadhi ya mistari, nakuandikia kama ilivyokuwa:

"Anayemchagua Mzee Kiwiko hana rafiki."

"Ninaye mmoja. Jana nimempiga mara tisa."

"Ndiyo maana leo hakuja."

"Huu si ufundi, ni wizi. Mtu unakufa na hujui kama umekufa."

"Kamchezee yule wa mabawa, mtoto wa mama wee, akupe taarifa ya wiki mbili kabla hajakupiga."

Mwingine aliandika kwa herufi kubwa kwamba Genpachi ndiye pekee mle ndani anayepigana kama binadamu, wengine wote wanacheza ngoma. Chini yake mtu amejibu kwamba basi yeye hataki binadamu, amelipa sarafu ili awakimbie.

Jarida moja la michezo likawapigisha wasomaji kura. Kwa kupendwa, Genpachi alikuwa wa mwisho kati ya kumi na wawili, kura thelathini na moja. Kwa kuchukiwa, alikuwa wa kwanza. Lakini hao thelathini na mmoja hawakuwa watu wa kupiga kura na kunyamaza. Waliandika barua. Mmoja alijishonea koti la buluu, akatutumia picha yake akiwa amelivaa mbele ya nyumba yao, mama yake amesimama nyuma. Ule ukumbi wa Kyobashi ukabandika karatasi kwamba Genpachi haruhusiwi Jumamosi na Jumapili. Ukumbi ulio ng'ambo ya reli nao ukatangaza kila Jumanne ni siku ya Genpachi mtupu. Hata ofisini watu waligawanyika, nusu wakitaka aondolewe, nusu wakiapa kwamba ndiye kitu pekee cha maana tulichowahi kutengeneza, na wachoraji wawili vijana walifika mahali wakawa hawasalimiani. Mimi nilikuwa naendelea kupaka rangi. Nilisikia yote kama watu wanaozozana juu ya jirani wa mtu mwingine.

Pale Kyobashi nilizoeana na mtu mmoja aitwaye Ebata, karani wa benki, wa miaka thelathini hivi, tai yake imenyooka hata Agosti. Yeye hakumgusa mpiganaji mwingine isipokuwa Genpachi. Hakujua mimi ni nani. Nilimwuliza anampendea nini, akacheka, akasema kwamba tangu mdogo yeye ndiye wa kushtukizwa: shuleni, kazini, na baba mkwe wake. "Kwa huyu mzee," akasema, "mara moja maishani mimi ndiye wasiyemwona akija." Alisema kwa upole kabisa, na akanipisha nipite kwanza mlangoni.

Mwingine ni Hatsumi, mama wa miaka hamsini anayebadilisha noti na kufuta vioo vya mashine. Daftarini palikuwa na mstari mmoja wa mwandiko mdogo sana, umebanwa pembeni: "Mimi simchezi. Namjua huyu. Aliyemchora naye anamjua. Ningependa kumwuliza kwa nini." Nilikuwa nimeupita mstari huo mara nyingi. Siku moja nilimwona Hatsumi ameshika kalamu, nikautambua mwandiko. Aliona kwamba nimeona. Akaniambia kwamba akiwa anafuta kioo cha mashine ile, na mashine ikawa inajionyesha yenyewe pasipo mchezaji, Genpachi akitokea mwili wake hurudi nyuma kabla hajajiambia arudi. Nikamwuliza kwa nini.

"Mume wangu wa kwanza," akasema, kama mtu anayetaja jina la kituo cha treni.

Mashine ile ilikuwa na ukungu wa vidole upande mzima wa kulia, mahali ambapo kitambaa chake hakikufika.

Septemba ndipo Baba Mdogo Kiichi alipopiga simu. Unajua kwamba Baba alianguka karakanani asubuhi, kazi ikiwa mkononi. Nilikwenda kwetu Hayashima kwa treni ya saa tatu. Niliosha vikombe, niliinama kwa kila aliyeingia, nilifanya kila linalotakiwa. Mwili ulipokwisha kuchomwa, kwenye kuokota mifupa kwa vijiti, nilipangwa na Shangazi Yone, yeye na vijiti vyake, mimi na vyangu. Mfupa wa kiwiko ulikuwa mweupe na mwepesi, kama wa mtu yeyote. Tuliutia chomboni tukachukua mwingine. Nilisubiri kitu kije, hata hasira, hata furaha, nikaona najiuliza tu kama nimefunga gesi Osaka.

Niliporudi kazini, Wakui aliniita. Toleo jipya la mchezo litatoka kabla ya mwaka mpya, na wenye kumbi wamelalamika. Alisema ugomvi umetuletea jina lakini sasa unafukuza watu. Akaniachia niamue mwenyewe, maana mzee ni wangu: nimwache alivyo, au nimchoree picha tatu za kuvuta mkono kabla ya pigo. "Picha tatu tu," akasema. "Sehemu ndogo ya sekunde. Anayetazama vizuri ataona. Asiyetazama, shauri yake."

Nikasema nitachora. Nilikaa na karatasi siku tisa. Mimi ninayechora mtu akiruka sarakasi huku nikila tambi, nilishindwa kumvutia mzee mkono nyuma. Kila nilichochora kilikuwa cha mtu mwingine. Sikuwahi kuuona mkono wa Baba ukivutwa, Dada, wala wewe hukuwahi. Hakuwa mlevi, hakuwa na kelele. Watu wote wa Hayashima walimsifu kwa utulivu wake. Mkono ulikuwa pajani, kisha ulikuwa umeshafika, kisha sindano ilikuwa imerudi kwenye mshono, na mtu akiingia dakika hiyo angeona fundi yuko kazini.

Siku ya kumi nilijifungia kwenye choo cha ofisini, nikasimama mbele ya kioo, nikavuta mkono wangu mwenyewe. Nikauvuta tena, polepole, nitazame bega linafanya nini, shingo inafanya nini, macho yanaingia ukali wakati gani. Nikatoka nikazichora zote tatu bila kufuta. Kwa hiyo mzee sasa ana mkono wa Baba, lakini kabla ya kupiga, kwa muda mfupi mno, anakuwa mimi.

Wakui alizitia kwenye mashine, akamchukua mpiganaji mwingine, akaniambia nipige. Nilibonyeza. Genpachi akavuta mkono, na yule wa Wakui akainua wake, akakinga. Tulirudia mara arobaini hivi. Wakui alikuwa amefurahi. Mimi nilitazama ule mkono ukiinuka kukinga, tena na tena.

Mapema mwezi huu tuliiweka mashine ya majaribio Kyobashi kwa siku tatu. Ebata alicheza mara mbili. Aliacha kijiti, akaweka sawa tai yake, akaandika daftarini: "Wamemuua." Baadaye nilimkuta nje akila mkate. Akaniambia, bila hasira, kwamba sasa Genpachi ni mzee tu kama wazee wengine, na kwamba yeye atatafuta mchezo mwingine. Nilimwambia pole. Kweli nilimwonea huruma, nadhani. Walio upande wake wameandika kurasa nne za matusi, na walio upande wa pili nao hawakuridhika, wanasema bado ana haraka mno, kwa nini tusimfute kabisa. Hakuna aliyefurahi isipokuwa wenye kumbi.

Hatsumi alisimama mbele ya mashine na kitambaa mkononi, akasubiri mpaka Genpachi atokee. Akamtazama akivuta mkono. Hakurudi nyuma. Pale ndipo nilipomwambia kwamba mimi ndiye niliyemchora. Sijui kwa nini nilisema. Nilidhani atanifokea. Akauliza tu, "Ulikuwa unapigwa wewe?"

Nikasema hapana.

"Basi nani?"

Nilivaa koti langu nikarudi kazini. Lakini swali lile ndilo lililonikalisha hapa leo na kalamu, maana jibu lake ni lako kabla halijawa la mtu mwingine.

Nilikuwa na miaka tisa, wewe kumi na minne. Ilikuwa kazi ya hekalu, ile mikeka yenye ukingo wa kitambaa cha maua ya duara, kitambaa kilichoagizwa Kyoto na kupimwa kisizidi wala kisipungue. Mimi ndiye niliyekikata. Nilitaka mshipi wa mwanasesere. Nilikata kipande cha urefu wa kiganja nikakificha chini ya kabati la viatu. Baba alipokikuta kimepungua hakupandisha sauti. Aliuliza, "Nani?" Nikasema, "Dada." Wewe ulikuwa umesimama mlangoni na ndoo ya maji. Ulinitazama. Naona mpaka leo ulivyonitazama, si kwa hasira, ni kama mtu anayesoma kitu mara ya pili kuhakikisha. Hukusema si wewe.

Mimi nilikuwa nautazama mkono wake. Ndiyo maana najua haukuvutwa. Wengine huyafumba macho, mimi sikuyafumba. Wewe ukalishika sikio la kushoto, hukuanguka, hata ndoo hukuiangusha. Tangu siku ile unageuza kichwa kutega sikio la kulia mtu akikuita, na watu wa Hayashima wanasema Fusae ana maringo, haitiki. Ulikuwa na miaka kumi na saba ulipoondoka.

Kuna mawili zaidi. Wale wapiganaji kumi na mmoja, wakipigwa pigo lile la Genpachi, wote, wanaume kwa wanawake, hushika sikio la kushoto na hawaanguki. Hizo picha ni wewe. Nilikuweka mle ndani bila kukuomba ruhusa, na watu wasiokujua wamekuwa wakikupiga tangu Julai.

La pili ni la mazishini. Watu walikuwa wanauliza kwa nini binti mkubwa hakuja. Shangazi Yone akawaambia wageni kwamba Fusae alikuwa mkaidi tangu utoto, hata kitambaa cha hekalu alikikata yeye, mzee akaaibika mbele ya watawa. Nilikuwa nimeshika birika. Nina miaka thelathini na mbili, Baba yuko ndani ya sanduku, hakuna mkono wa kuogopa popote. Nikammiminia Shangazi chai. Nikawamiminia na wengine.

Wiki iliyopita nimemwandikia Shangazi Yone mistari minne, nimemweleza nani alikata. Hajajibu. Huenda ameshawasomea wengine, huenda ameichoma. Nimefanya hivyo kwa sababu ilikuwa lazima ifanyike, kama mtu anavyolipa karo. Sikuhisi kupunguziwa mzigo. Wewe nisikudanganye tena: nikiandika haya mkono wangu hautetemeki, na ndani pamenyamaza kama karakana siku ya mapumziko. Sijui kama mtu wa namna hiyo anaruhusiwa kuomba msamaha, kwa hiyo siombi. Nimekueleza tu lilivyokuwa.

Nimechukua likizo ya siku nne. Nitalala Niigata, na Jumapili ya tarehe mosi Desemba treni yangu itafika Akita saa saba na robo mchana. Nitakaa kwenye viti vya ukumbi wa kusubiria, nimevaa koti la kijivu. Kama hutaki kuja, usije. Nitangoja mpaka ile ya saa kumi, kisha nitapanda nirudi, na sitamwambia mtu kwamba nilikuja. Ukija, sina zawadi ya maana, ila nitakaa upande wako wa kulia, na chochote utakachoniuliza nitakijibu kwa sauti.

Nisalimie Shemeji Morio na mama yake. Jifunike goti usiku, na zile ngazi mwachie Shemeji azifagie theluji.

Mimi mdogo wako,

Sumie